Baba Akirudi Kutoka Vitani



Imepokewa kwamba Umar bin Khattwab (R.A.), akizunguka Madina usiku, alimsikia mwanamke akilalamika kwa upweke. Mumewe alikuwa vitani na muda umekuwa mrefu. Umar hakumkemea. Alimwendea bintiye, Bi. Hafsa (R.A.), akamuuliza mwanamke aweza kumsubiri mumewe kwa muda gani. Riwaya moja yasema miezi minne, nyingine sita. Basi akaamuru askari wasiwekwe mbali zaidi ya hapo. Hebu tazameni, kiongozi wa dola aliuliza nyumbani kwanza!

Wataalamu wa Marekani nao waliuliza. Reuben Hill alichunguza familia 135 za jimbo la Iowa ambazo baba zao walienda Vita vya Pili vya Dunia, na kitabu chake kikatoka mwaka 1949. Aliona kwamba nyumba iliyozoea kabisa kuishi bila baba, kazi zake zote zikagawanywa, yaweza kupata taabu siku anapobisha hodi. Kiti chake kishakaliwa. Utafiti mwingine, wa mwaka 2010, uliwahusu watoto zaidi ya 1,500 wa miaka 11 hadi 17. Kadiri mzazi alivyokaa mbali, ndivyo watoto walivyozidi kuwa na matatizo, na hali ya mzazi aliyebaki nyumbani iligusa watoto pia.

Hapa Kenya, tangu wanajeshi wetu waingie Somalia Oktoba 2011, ziko nyumba zinazoyajua haya bila ya kusoma kitabu. Kijana, baba akija likizo waweza kumwona anashtuka mlango ukigongwa, au anakaa kimya, au anafoka kwa jambo dogo. Usikimbilie kusema hatupendi.

Mama, mwachie kazi yake hata moja, japo kumpeleka mdogo madrasa. Nawe baba, usiingie na amri siku ya kwanza, hapa si kambini. Huyo kijana wako amebeba nyumba miezi yote hiyo, muulize mambo yanakwendaje. Na usingizi ukikataa wiki baada ya wiki, ndoto mbaya haziishi, msimfiche chumbani mkiogopa majirani watasema nini. Kisomo kisomwe, na daktari pia aonwe.

Wabillahi tawfiq.