Nani Aliyekosa?

Walipomwona yule kipofu tangu kuzaliwa, wanafunzi waliuliza kwanza ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Swali hilo humwelemea hata leo mama wa mtoto mwenye usonji. Hata mabingwa walilirudia: baada ya Leo Kanner kuieleza hali hiyo mwaka 1943, akina mama walishutumiwa miaka mingi kwamba walikosa upendo. Uchunguzi umewaondolea lawama. Daktari wa akili huitambua hali hiyo na kutuliza hofu zake. Mtaalamu wa tiba kazi, kama wale wafunzwao KCMC, Moshi, humzoeza mtoto kufunga vifungo, kushika kijiko, kustahimili kelele, na mzazi huendeleza nyumbani. Nanyi makatekista, mtoto akiziba masikio ngoma zinapolia, msimkodolee macho mama yake. Watengeeni nafasi karibu na mlango.