Juu ya mipira ya hewa na telekomande ya gari yetu

(Haya ni maneno ambayo fundi wetu wa garaji alisema mbele ya mkutano wa wanamemba hapa Kibua. Katibu aliyaandika sawa vile yalivyosemwa. Maulizo ya watu tumeyatoa juu ya nafasi, majibu yake yamebaki.)



Nimeitwa juu ya ile gari. Kamati ilinipa dakika kumi na tano, lakini mnanijua, basi mkiona nazidisha mupige mikono.

Wote munajua jambo lilianza namna gani. Ndugu yetu anayekaa Marekani, mtoto wa hapa hapa, alitutumia karto moja. Ndani kulikuwa mipira miwili ya hewa, kompresa ndogo, tiyo, waya, na telekomande, sawa zile za kufungulia milango ya gari za matajiri. Wengine walifurahi. Wengine walisema: sisi tunatafuta mbegu na mabati, yeye anatuma vitu vya kuinua mkia wa gari? Sikuwakasirikia. Hata mimi, nilipofungua ile karto, nilifikiri pesa ya kuisafirisha ingetosha kununua majembe.

Lakini nilikuwa nimekwisha kuiona hiyo kazi. Nilipokimbia Masisi mwaka wa 2008 nilifika Nakivale, kule Uganda, kisha nikashuka Kampala kutafuta maisha. Nilijifunza garaji katika mtaa wa Katwe, na vipande tulikuwa tunaenda kutafuta kwenye soko la Kisekka. Bisi kubwa zinazofanya safari ndefu, nyingi hazikai juu ya resori za chuma. Zinakaa juu ya mipira ya hewa. Si jambo jipya. Firestone walianza kuitengeneza zamani, miaka ya 1930, na kampuni ya Air Lift ya Michigan inafanya mipira ya magari madogo tangu 1949. Kitu kipya ni telekomande tu.

Sasa musikilize vile inatumika, juu bila kuelewa hapa hamtaelewa kilichotupata.

Gari yetu ni Land Cruiser ya zamani, ile ya nyuma wazi. Nyuma iko na resori za vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ukipakia maharagwe, vyuma vinajikunja, mkia unashuka, taa za mbele zinaangalia juu ya miti, usukani unakuwa mwepesi. Hapa kwetu dawa yake tunaijua: unaongeza chuma kimoja ao viwili kwenye resori. Na kweli mkia haushuki tena. Lakini siku gari iko tupu, ao iko na mgonjwa mmoja tu amelala nyuma, inaruka sawa mbuzi. Ni nani hapa asiyekumbuka yule mama tuliyempeleka na uchungu wa kuzaa, tukamfunga na vitambaa ili asianguke? Alikuwa analia juu ya njia kuliko juu ya uchungu. Ile haikuwa njia peke yake. Ilikuwa pia vile vyuma viwili nilivyoongeza mimi.

Mpira wa hewa unakaa katikati ya shasi na ponti ya nyuma, kila upande mmoja. Resori inabaki, mpira unaisaidia. Ukiwa na mzigo unatia hewa. Ukiwa na mgonjwa unatoa hewa, inabaki kidogo sana, na gari inatembea taratibu. Basi nilitoa vile vyuma vya kuongeza, nikaweka mipira. Hiyo sehemu ya kazi sijutii.

Kazi yenyewe ilinichukua siku mbili. Wale vijana wanaotaka kujifunza, muandike haya. Kwanza uangalie batri. Ile kompresa ni ya volti 12, na gari yetu ni ya volti 12. Fuso nyingi ni za 24, ukiifunga pale utaiunguza siku ya kwanza. Kompresa isiwekwe chini mahali maji ya mto yanafika. Mimi niliifunga ndani, nyuma ya kiti. Waya mnene unatoka batri na unapita kwenye fyuzi karibu kabisa na batri, si mbele. Tiyo ikatwe na wembe, sawasawa, si kwa meno ya koleo, juu ikikatwa vibaya itavuja paka mwisho wa dunia. Isipite karibu na bomba la moshi. Mpira ukijaa usiguse kitu chochote, nafasi ya kidole ibaki pande zote. Kisha unachukua maji ya sabuni, unapaka kila kiungo, unaangalia mapovu. Mimi nilipata mapovu mahali pawili. Kama ningetegemea telekomande tu, ingeniambia hewa inapungua, lakini haingeniambia ni wapi.

Kuna kitu kimoja niligombana nacho na kijana anayenisaidia. Alitaka tuweke tiyo moja igawanyike kwenda mipira yote miwili, tupunguze kazi. Nilikataa. Njia yetu inalala upande. Gari ikiinama kushoto, mzigo unabana mpira wa kushoto, na kama tiyo ni moja, hewa ya kushoto inakimbilia kulia. Kushoto inazidi kushuka, kulia inazidi kupanda, na bonde liko kushoto. Kila mpira uwe na tiyo yake na kipimo chake. Telekomande inaonyesha mbili, kushoto na kulia.

Na nilibakiza vile vidomo vya kutilia hewa kwa mkono, sawa kidomo cha gurudumu la piki-piki. Betri ya telekomande itakufa siku moja, na Kibua hakuna duka la zile betri ndogo. Siku ile tutaomba pompi kwa mtu wa piki-piki, tutaendelea.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Wiki ya kwanza kila mtu alikuja kuangalia. Shofere anabonyeza, gari inapanda. Watoto wanapiga kelele. Siku ya soko walipakia. Mbele, tulikuwa tunapakia paka mkia ushuke mahali fulani, halafu mzee mmoja anasema: «Basi, imetosha, angalia gari inalia.» Hiyo ndiyo ilikuwa mizani yetu, hatukuwa na ingine. Siku ile walipakia, mkia ukashuka, shofere akabonyeza, mkia ukapanda. Wakapakia tena. Akabonyeza tena. Mtu akasema: «Papa, gari iko sawa, haijashiba bado.» Watu wakapanda juu ya mifuko. Na mimi nilikuwa pale. Nilikuwa naangalia kazi yangu, nafurahi.

Kwenye mteremko shofere alikanyaga freni na gari haikusikia vile ilikuwa inasikia. Haikukataa kabisa, lakini ilichelewa. Alipunguza kwa gia, akaisukuma kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, ikasimama. Mama mmoja alivunjika mkono. Yuko hapa, amekaa kule nyuma, na nilikwisha kwenda kwake kuomba msamaha, lakini ninaomba tena mbele yenu. Wengine walisema ni ulevi wa shofere. Si kweli. Shofere hakunywa. Kosa ni langu, na nitawaambia kosa gani.

Chini ya gari nyingi za mizigo za Toyota, karibu na ponti ya nyuma, kuna mkono mdogo wa chuma. Unashikana na kifaa cha freni. Gari ikibeba mzigo, mkia unashuka, ule mkono unasukumwa, na kile kifaa kinajua: leo tuko wazito, tupeleke nguvu nyingi kwa freni za nyuma. Gari ikiwa tupu, mkia uko juu, kifaa kinapunguza nguvu ya nyuma ili magurudumu yasikamatwe na gari kuteleza. Ni akili nzuri sana ya watu waliotengeneza ile gari. Sasa mimi nimeweka hewa, nimeinua mkia. Gari imebeba mzigo kuzidi, lakini ule mkono mdogo unaona mkia uko juu, unasema: tuko tupu. Unapunguza freni. Kwenye mteremko. Munaelewa?

Basi tuliwadanganya wawili kwa mara moja. Tulidanganya freni, na tulidanganya macho ya yule mzee aliyekuwa anatuambia imetosha.

Watu wananiuliza: lakini ile mipira imeandikwa inabeba kilo nyingi, paka pauni 100 za hewa, karibu bari 7. Ndiyo. Mpira unabeba. Lakini mzigo haukai kwenye mpira tu. Unapita kwa ponti, kwa beringi, kwa magurudumu, kwa shasi, kwa freni. Hivyo vyote ni vile vile vya zamani. Hata wenye kutengeneza mipira wanaandika wazi ndani ya karatasi yao kwamba haiongezi uzito ambao gari inaruhusiwa kubeba. Ile karatasi ilikuwa ndani ya karto, ni ya Kiingereza, na mimi Kiingereza ninasoma. Sikuisoma paka mwisho.

Sasa nimefanya nini. Nilipima gari ikiwa tupu, kutoka katikati ya gurudumu la nyuma paka ukingo wa bodi: sentimeta 58. Tukapakia mzigo wa haki, ikashuka paka 50. Natia hewa inapanda paka 54, nasimama. Siirudishi 58 hata kidogo. Mkia ubaki umeshuka, ule mkono wa freni uendelee kusema ukweli. Nilipiga alama ya rangi nyekundu kwenye bodi, munaweza kwenda kuiona. Halafu tulijaribu freni na mifuko ya mchanga, bila watu, mahali tambarare, mara nyingi. Hizo namba ni za gari yetu. Gari ya mtu mwingine ipimwe yenyewe.

Na mzigo tuhesabu kabla ya hewa. Ninaomba mkutano ukubali hilo leo. Tushike tani moja, mtu na mfuko pamoja. Mfuko wa simenti ni kilo 50, basi mifuko ishirini imemaliza, hakuna mtu wa kupanda juu. Mfuko wa maharagwe wa kilo 100, tuseme sita, na watu sita, tumefika. Mama wa sanduku aandike ndani ya kayé, kisha yeye ndiye atoe telekomande. Ndiyo, telekomande ikae kwake, si kwa shofere. Shofere asichukie. Njiani atakuwa nayo, lakini anapewa wakati hesabu imekwisha. Najua tutapoteza pesa ya mifuko minne mitano kila soko. Nimeiweka ndani ya hesabu, hata mimi nakula kwenye ile gari.

Mambo mawili madogo. Moja ni kwa vijana wa garaji. Usiingie chini ya gari inayosimama juu ya hewa. Kampala, kwenye garaji moja ambayo sitaitaja, mwenzangu alifungua tiyo ya bisi akiwa chini yake. Hewa ilitoka mara moja, bisi ikamkalia bega. Aliishi, lakini mkono ule haukufanya kazi tena. Weka kriki, weka mbao chini ya shasi, toa hewa yote, ndipo uingie. Na matope ya hapa, yale mekundu, yakikauka kati ya mpira na chuma yanakata sawa msumeno. Kila jioni maji.

Ingine ni kwenye bariyeri. Gari yenye waya mpya na kisanduku kinachowaka taa, na shofere mwenye kubonyeza kitu mkononi, inaweza kutuletea maneno. Shofere akifika pale, telekomande aiweke juu ya dashibodi, wazi, asiishike. Nimefanya karatasi yenye muhuri wa chama inayoeleza ile vyombo ni ya nini, kwa Kifaransa na Kiswahili. Ikae ndani ya gari siku zote.

Kuhusu ndugu yetu wa Marekani: anaandika anauliza kama kitu chake kimefaa. Ninaomba katibu amjibu hivi. Tangu ile ajali tumepeleka wagonjwa watatu, wawili wakiwa wamama wa kuzaa, na hatukumfunga mtu na vitambaa. Amwambie pia habari ya mteremko, asifichwe. Na kama anataka kutuma kitu kingine, atume mizani, ile ya kuning'iniza mfuko. Hata ya zamani.

Nimezidisha dakika. Shofere yuko nje na gari, iko na mifuko ya mchanga ya kujaribia. Anayetaka kuona ule mkono mdogo wa freni aje na mimi sasa, kabla mvua haijafika, nitamuonyesha kwa toshi.