Askari, Karatasi na Karo ya Mtoto
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Sisi tulio katika kazi ya uandishi wa Chama hatukuzoea kusema mbele ya watu. Kazi yetu ni kuandika yale wasemayo wengine. Lakini mwaka huu Halmashauri ilitutaka tueleze jambo moja ambalo limeulizwa mara nyingi ofisini: Je, mtu aliyelitumikia jeshi, na watoto wake baada yake, wana haki gani katika elimu?

Swali hili lililetwa mlangoni kwetu na baba mmoja aliyetoka pande za Ganze. Alikuwa na nishani ya marehemu babaye, aliyepigana Burma, ameifunga katika kitambaa safi. Alitaka msaada wa karo ya mjukuu wa askari yule. Tukamwomba karatasi ya babaye ya kuachiwa jeshi. Akajibu kwa upole kwamba makuti yalivuja, sanduku likaliwa na mchwa, na karatasi ikaenda na mchwa. Nishani ile haikuchorwa jina wala nambari. Tuliandika barua mbili, nasi hatukufaulu. Baba yule aliifunga tena nishani yake, akatuaga kwa heshima, akaenda zake. Tangu siku ile hatukuweza kulisahau jambo hili.

Wazee wetu, nanyi mwajua kuliko sisi, kwamba pwani hii imetoa watu wake kwa vita vya wengine. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakataza Wagiriama kuwatoa vijana wao. Mwaka 1914, baada ya mapigano, Serikali ya wakati ule iliwatoza Wagiriama faini ya rupia 100,000 na kuwadai vijana 1,000 wa kazi. Wengi wa Waafrika waliochukuliwa katika vita vile hawakushika bunduki. Walibeba mizigo, na jina la jeshi lao la wapagazi limebaki Nairobi katika mtaa wa Kariokor. Katika Vita vya Pili, mwaka 1940, mabomu ya Waitaliani yaliangushwa hapa Malindi. Waafrika wa Kenya karibu 98,000 walitumika katika vita vile, wakafika Habeshi, Madagaska na Burma.

Je, waliporudi walipewa elimu gani? Tuseme kweli bila chuki. Jeshi lenyewe liliwafundisha wengi. Tangu mwaka 1942 palikuwa na kikosi cha waalimu wa jeshi katika Afrika ya Mashariki, na askari wengi walijifunza kusoma na kuandika, au kazi ya udereva, ya simu, ya uuguzi na ya ufundi. Vita vilipokwisha, skuli ya Jeanes kule Kabete, iliyoanzishwa mwaka 1925, ilitoa mafunzo kwa baadhi ya askari waliorudi. Mahali pale ndipo palipogeuzwa mwaka 1961 kuwa chuo cha maofisa wa Serikali.

Hayo yalikuwa mema, lakini yalikuwa mema ya wachache. Kutoka Kilifi hata Kabete ni safari ndefu, na nafasi ilimwendea yule aliyejulikana na mkubwa wake, au aliyeweza kuisoma tangazo na kuiandika barua. Aliyebaki alitegemea kiinua mgongo chake, na hicho nacho hakikuwa sawa. Nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba askari Mwafrika alilipwa kama theluthi moja tu ya alicholipwa Mzungu wa cheo kilekile. Fedha ile ndiyo iliyotakiwa ioe, ijenge, inunue mbuzi, kisha isomeshe watoto.

Sasa tutazame nchi nyingine, si kwa kuitamani, bali kwa kujifunza. Tarehe 22 Juni 1944, kabla vita havijakwisha, Rais Roosevelt wa Marekani alitia sahihi sheria ya askari waliorudi. Sheria ile ilisema hivi: aliyetumika siku 90 au zaidi, na ambaye hakufukuzwa kwa aibu, anayo haki ya kusomeshwa mwaka mmoja, na tena kuongezewa muda ulio sawa na muda aliotumika, lakini jumla isipite miaka minne. Serikali ililipa karo na vitabu hata dola 500 kwa mwaka. Juu ya hayo, mwanafunzi alipewa posho ya dola 50 kwa mwezi, au 75 ikiwa ana watu wanaomtegemea. Watu kama 7,800,000 waliitumia nafasi ile, na 2,200,000 kati yao waliingia vyuo vikuu.

Angalieni tofauti, ndugu zetu. Kule, askari hakumwendea mkubwa kuomba hisani. Alikwenda na karatasi yake, na siku zake zikahesabiwa. Hisani hufuata moyo wa mtoaji. Haki hufuata maandishi.

Lakini hata huko haki iliyoandikwa haikutosha pasipo mtu wa kuisimamia. Askari weusi wa Marekani walikuwa na karatasi zilezile, walakini katika majimbo ya kusini mambo yaliachwa mikononi mwa Wazungu wa mahali pale, na wengi wakazuiliwa. Vyuo vingi havikuwapokea, na vile vichache vilivyowapokea vilijaa hata vikawarudisha maelfu. Kwa hiyo tusidhani kwamba karatasi peke yake ni dawa. Ni ufunguo, na ufunguo wataka mkono.

Kuhusu jamaa za askari, sheria zao zilikuja baadaye. Mwaka 1956 Wamarekani walitunga sheria ya kuwasomesha yatima wa vita, na mwaka 1968 wakawaingiza wajane. Tangu mwaka 2009 askari wao aweza kumpa mkewe au mtoto haki yake ya masomo, ikiwa ametumika miaka sita na akakubali kutumika minne zaidi. Lakini hapa pana sharti ambalo twawaomba mlisikie vizuri: lazima aombe akiwa bado yu jeshini. Akisha kuvua sare, mlango umefungwa. Baba aliyechelewa kuandika jina la mtoto wake amempotezea skuli.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba hata mtu bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Nairobi, tangu mwaka 1928, pamesimama sanamu za askari na wapagazi, na maandishi chini yake yasema kwamba anayekufa kwa ajili ya nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Ni maneno mazuri. Lakini mwana atalikumbukaje jina lisiloandikwa popote? Na mwana asiyepelekwa skuli atayasomaje maandishi yale?

Basi Halmashauri yaomba mambo matatu.

La kwanza, kila nyumba iliyo na karatasi ya jeshi, kipande, barua, picha au nishani, iilete ofisini inakiliwe. Tutainakili na kumrudishia mwenyewe siku ileile. Hatutaki kuweka mali ya mtu.

La pili, wazee wenye kumbukumbu waje watuambie majina: fulani bin fulani, wa kijiji fulani, alikwenda vita gani, alirudi au hakurudi. Tutayaandika katika daftari moja. Daftari hili halitaleta fedha kesho, hatutaki kuwadanganya. Lakini ikitokea siku ya kuulizwa, tusikutwe mikono mitupu kama tulivyokutwa na baba yule wa Ganze.

La tatu, wenye vijana katika jeshi la nchi yetu leo wawahimize waandikishe majina ya wake na watoto wao wakiwa bado kazini, na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa viwekwe mahali pakavu, mbali na mchwa na mbali na makuti yavujayo.

Wazee wetu, baba zenu walikwenda na miguu yao, wakabeba kwa vichwa vyao. Sisi hatukutakiwa kubeba kitu kizito namna ile. Tumetakiwa kubeba kalamu. Itakuwa aibu kwetu kama kalamu nayo itatushinda.