Sikiliza Kabla ya Kufungua: Kelele za Giaboksi ya Pikipiki na Matengenezo Yanayowezekana Nyumbani



Katika Wilaya ya Kyerwa pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo inayotoa mikungu ya ndizi shambani, ndiyo inayopeleka magunia ya kahawa mnadani, na usiku wa manane ndiyo inayomfikisha mama mjamzito zahanati. Wengi wanaoziendesha si wenye mali. Huendesha kwa mkataba na kupeleka hesabu kwa mmiliki, na siku chombo kinapolala gereji, deni la hesabu halilali nacho. Vipo pia vikundi vinavyonunua pikipiki kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo kisheria hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa vikundi hivyo, marejesho ya mkopo hutegemea magurudumu mawili yaendelee kuzunguka.

Kwa sababu hiyo, giaboksi inapoanza kulia, jambo hilo halimhusu fundi peke yake. Linaihusu kaya nzima. Na hapo ndipo makosa mawili hutokea. Kosa la kwanza ni kuendelea kubeba abiria mpaka chuma kivunjike. Kosa la pili, ambalo huonekana kama uangalifu, ni kukimbilia kufungua injini siku ile ile. Mmiliki hulipa gharama kubwa, injini hufungwa, na kelele hubaki pale pale, kwa kuwa haikutoka ndani ya giaboksi hata kidogo. Kati ya makosa hayo mawili ipo njia ya tatu, ambayo haigharimu fedha: kusikiliza kwa utaratibu kabla ya kushika spana.

Ili masikio yafanye kazi, lazima akili ijue kilichomo ndani. Katika pikipiki nyingi zinazotumika huku, zikiwemo Boxer na TVS, giaboksi haikai peke yake. Imo ndani ya gamba moja na injini, na oili ile ile moja hulainisha pistoni, klachi na gia. Ndani mna shafti mbili zilizolala sambamba. Ya kwanza hupokea nguvu kutoka kwenye klachi. Ya pili huitoa nje kwa sproketi ndogo inayovuta cheni. Gia za shafti hizo zimeumana wakati wote, hata pikipiki ikiwa nyutro. Dereva anapokanyaga gia, uma mdogo wa chuma husukuma gia moja kando, na vijino vilivyo ubavuni mwake huingia katika matundu ya gia jirani. Hapo ndipo gia iliyochaguliwa hufungwa na shafti na kuanza kubeba mzigo.

Maelezo hayo mafupi yana faida kubwa. Beringi inayobeba shafti ikichakaa, sauti huwa ya kuvuma au kunguruma. Meno ya gia moja yakiliwa, kelele husikika katika gia hiyo na si katika nyingine. Vijino vya ubavuni vikilika kingo, gia huruka yenyewe pikipiki inapovuta mzigo mlimani. Kila ugonjwa una lugha yake.

Jaribio la kwanza hufanyika injini ikiwa imezimwa. Pikipiki isimamishwe kwa stendi kubwa, gia iwe nyutro, na gurudumu la nyuma lizungushwe polepole kwa mkono. Vidole vikae mbali na cheni na sproketi. Kama mkwaruzo unasikika hapo, mtuhumiwa wa kwanza ni beringi za gurudumu au cheni yenyewe. Cheni itazamwe kwa mzunguko mzima: ikiwa sehemu moja imekaza na nyingine imelegea, imevutika bila uwiano. Meno ya sproketi yaliyopinda kama ndoana yamekwisha. Raba zilizomo ndani ya habu ya nyuma nazo zikiisha, hugonga kila dereva anapoongeza au kupunguza mafuta. Barabara za changarawe na vumbi la kiangazi huitafuna cheni upesi, na matope ya masika na vuli huosha grisi yake. Ndiyo maana kelele nyingi zinazoitwa za giaboksi huishia kwenye cheni.

Baada ya hapo, kifuniko cha sproketi ndogo kiondolewe na sproketi itikiswe kwa mkono. Mchezo mdogo wa kuingia na kutoka ni wa kawaida. Mchezo wa juu na chini ni habari nyingine, kwa maana unaonyesha kwamba beringi ya shafti ya kutolea nguvu imelegea.

Jaribio la pili hufanyika injini ikiwaka taratibu, gia ikiwa nyutro. Mkono wa klachi ubanwe, kisha uachiwe, mara kadhaa. Katika nyutro klachi ikiwa imeachiwa, shafti ya kwanza huzunguka. Klachi ikibanwa, hupunguza mwendo. Basi, mngurumo unaopungua au kutoweka klachi inapobanwa huelekeza kwenye beringi za shafti hiyo au kwenye kikapu cha klachi. Mlio unaozaliwa pale tu klachi inapobanwa huelekeza kwenye beringi ndogo ya kuachilia klachi. Na kelele isiyobadilika kabisa huenda ni ya injini, kwa mfano tapeti au cheni ya taimingi. Bisibisi ndefu husaidia: ncha igusishwe kwenye gamba la injini na mpini uegemezwe karibu na sikio, ncha ihamishwe kutoka sehemu moja hadi nyingine, na mahali sauti inapokuwa kali ndipo penye chanzo.

Jaribio la tatu ni la barabarani, pasipo abiria wala mzigo, mahali tambarare pasipo na msongamano. Dereva apite katika gia zote akisikiliza. Kisha, akiwa katika mwendo wa wastani, abane klachi na kuachia mafuta ili pikipiki iserereke. Kelele ikiendelea kufuata mwendo wa magurudumu ilhali injini imetulia, chanzo kipo kuanzia ndani ya giaboksi hadi gurudumu la nyuma. Ikishuka pamoja na injini, chanzo kipo upande wa klachi au ndani ya injini.

Ziko pia sauti zisizo ugonjwa. Mgongo mmoja wa "ko" wakati wa kuingiza gia ya kwanza ni wa kawaida kwa pikipiki za aina hii. Lakini gia zikisaga na kugoma kuingia, au pikipiki ikitaka kuondoka hali klachi imebanwa, mara nyingi klachi haiachii vizuri, na dawa yake huwa waya uliolegea unaohitaji kurekebishwa kwa nati yake, au sailensa inayozunguka kasi kupita kiasi.

Baada ya kusikiliza, yafuatayo yanawezekana nyumbani. La kwanza ni oili. Kipimo kisomwe pikipiki ikiwa wima mahali tambarare, si ikiwa imeegemea stendi ya pembeni, na baada ya injini kuwaka kidogo kisha kupumzishwa dakika chache. Oili ikiwa chini ya alama, gia huvuma. Ikizidi alama, nayo huleta madhara. Aina na kiasi vimeandikwa katika kitabu cha pikipiki, na kwa pikipiki nyingi za hapa daraja hilo ni 20W-50. Kopo lenye maandishi JASO MA limepimwa kwa kipimo cha Kijapani kwa ajili ya pikipiki ambazo klachi yake huoga ndani ya oili. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki hufanya kazi kwa msuguano huo huo; ikiukosa, huteleza.

Oili imwagwe ikiwa vuguvugu, si ya moto wa kuunguza, ndani ya beseni safi. Sumaku ifungwe kwa mfuko mwembamba wa plastiki na kupitishwa ndani yake. Ute mwembamba wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Chenga zinazosikika vidoleni, au kipande cha jino, ni amri ya kusimama: pikipiki hiyo isiendeshwe tena mpaka ifunguliwe na fundi. Chujio lisafishwe au libadilishwe, washa ya bolti ya kumwagia iwe nzima, na bolti isikazwe kwa hasira, kwani nyuzi za gamba la alumini huliwa kwa urahisi. Oili chafu isimwagwe shambani wala karibu na chemchemi. Iwekwe kwenye dumu na kupelekwa gereji inayoikusanya.

La pili ni cheni. Isafishwe, ilainishwe injini ikiwa imezimwa, na kurekebishwa mpaka mchezo wake katikati uwe kama kitabu kinavyoelekeza. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni karibu milimita 20 hadi 30. Cheni iliyokazwa mno huvuta beringi ya shafti na kuiua kabla ya wakati. Alama za pande zote mbili za mkono wa nyuma zilingane ili gurudumu lisikae upande. Cheni ikibadilishwa, sproketi zote mbili zibadilishwe nayo, kwa sababu sproketi kuukuu hula cheni mpya.

Iko hila moja inayostahili kuonywa. Wapo wanaotia grisi au oili nzito ya giaboksi ya gari ili kelele itulie, hasa chombo kinapoandaliwa kuuzwa. Kwa kuwa oili hiyo ndiyo pia ya injini, uzito huo huchelewa kufika kwenye valvu na hugandisha klachi. Kelele hunyamaza kwa muda, lakini uharibifu huendelea kimyakimya. Mnunuzi wa pikipiki iliyotumika aombe kuona oili kabla ya kutoa fedha.

Hapo ndipo mpaka wa kazi ya nyumbani ulipo. Katika injini hizi, kuzifikia gia kunadai injini ishushwe kwenye fremu, kichwa, silinda, klachi na sumaku ya umeme viondolewe, kisha gamba ligawanywe vipande viwili. Kazi hiyo inahitaji vifaa maalumu vya kuvutia, gasketi na sili mpya, na mahali pasipo vumbi. Kuifanya uani kwa nyundo na bisibisi ni kununua hasara ya pili. Aidha, jino lililovunjika au beringi iliyosagika inaweza kukaba gurudumu la nyuma ghafla pikipiki ikiwa mwendoni, na hapo gharama haihesabiwi tena kwa shilingi. Ndiyo sababu gia inayoruka au chenga ndani ya oili havivumiliwi hata kwa safari moja ya mwisho.

Mwenye pikipiki anayekwenda kwa fundi baada ya kusikiliza haendi mikono mitupu. Anaeleza: kelele inasikika gia ya tatu tu, haibadiliki klachi ikibanwa nyutro, oili ina chenga. Maneno hayo humwokolea fundi muda na humwokolea mteja fedha. Aombe kuonyeshwa kipuri kilichoharibika kabla ya kununua kipya. Gia iliyoliwa ibadilishwe pamoja na ile inayoumana nayo, na beringi zilizolegea zisirudishwe ndani kwa kuwa tu gamba limekwisha kufunguliwa kwa ajili ya jambo jingine. Vijana wanaotaka kuifanya kazi hiyo kuwa ajira wana njia ya kujifunza kupitia vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Mwisho, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila pikipiki iwe na daftari dogo linaloonyesha tarehe ya kubadilisha oili, kilomita zilizosomwa, aina ya oili, siku cheni ilipokazwa na kelele mpya ilipoanza. Pale ambapo dereva ni mmoja na mmiliki ni mwingine, daftari hilo pia huondoa lawama: kila mmoja huona nani alitimiza wajibu wake na lini. Kwa kikundi chenye mkopo, liwekwe pamoja na kitabu cha marejesho, na lisomwe katika kila kikao.