Neema Inayorudisha: Wokovu na Toba katika Uamsho wa Afrika Mashariki



Hoja yangu ni moja: wokovu ni zawadi ya Mungu isiyolipiwa, lakini aliyeupokea ana watu wa kuwaendea. Toba isiyofika mlangoni kwa tuliyemkosea bado haijamaliza safari yake. Jambo hili wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki walilijua vizuri, na historia yao inatufundisha pia hasara ya kulisahau.

Tuanze na Maandiko. Luka sura ya 19 inatupeleka Yeriko, kwa Zakayo, mkuu wa watoza ushuru. Angalieni mpangilio wa mambo. Yesu anamwita kwa jina, anajialika nyumbani kwake, na watu wananung'unika. Mpaka hapo Zakayo hajatoa hata senti. Ndipo anaposimama na kuahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na malipo mara nne kwa aliowadhulumu. Torati, katika Hesabu sura ya 5, ilimtaka aliyekiri kosa arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Mara nne ni hukumu ya mwizi wa kondoo katika Kutoka sura ya 22. Hakuna mahakama iliyomshitaki Zakayo, lakini yeye amejipimia kipimo cha mwizi. Alipata wapi ujasiri huo? Anayeogopa kukataliwa huficha makosa yake. Zakayo alikuwa amekwisha kupokelewa, na ndiyo maana aliweza kusema ukweli hadharani.

Sasa turudi kwenye Uamsho, twende Gahini, mashariki mwa Rwanda. Mwaka 1929 Dakta Joe Church, Mwingereza aliyehudumu katika hospitali ya misheni hapo, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kali kuikumba Rwanda. Katika kilima cha Namirembe alikutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Baadaye Yosiya Kinuka, kiongozi wa wahudumu wa hospitali ya Gahini, naye alikwenda kwa Nsibambi, akiwa na manung'uniko mengi kuhusu hali ya kazini. Nsibambi hakumpa pole. Alimwonyesha kwamba ubaya wa hospitali ulikuwa na mizizi moyoni mwake yeye mwenyewe. Kinuka alirudi Gahini mtu mwingine, akawa mmoja wa nguzo za uamsho.

Kabla ya muongo wa 1930 kwisha, moto huo ulikuwa umefika Uganda, Kenya na Buhaya katika Tanganyika. Ndugu walikutana katika ushirika, wakatoa ushuhuda, wakaungama dhambi kwa majina yake. Kisha walikwenda kutengeneza. Vitu vilivyoibwa kwa waajiri vilirudishwa, madeni ya zamani yakalipwa, mume akamwomba mkewe msamaha. Mmishonari Mzungu naye alitakiwa aungame kiburi chake mbele ya Waafrika aliozoea kuwaamuru. Katika Afrika ya kikoloni hilo halikuwa jambo dogo. Walikaa benchi moja chini ya msalaba mmoja.

Najua wanateolojia wenzangu, hasa sisi Walutheri, wanauliza: je, hapa hatujarudisha wokovu wa matendo kwa mlango wa nyuma? Swali ni la haki. Waefeso sura ya 2 inajibu kwa utaratibu wake: aya ya 8 na ya 9 zinaondoa kila sababu ya kujisifu, na aya ya 10 inasema tumeumbwa kwa ajili ya matendo mema. Atakayeigeuza aya ya 10 kuwa ada ya kuingilia ameipoteza Injili. Ndani ya uamsho wenyewe wapo waliojikwaa hapo, wakaanza kupimana wokovu kwa mavazi na kwa wingi wa ungamo. Lakini atakayeisoma aya ya 8 na kufunga kitabu, naye ameisoma nusu tu.

Na kuna jambo zito zaidi. Gahini iko Rwanda. Mwaka 1994, katika nchi iliyojaa waliobatizwa, Watutsi waliuawa hata ndani ya makanisa walimokimbilia. Wapo Wakristo waliowaficha majirani zao kwa kuhatarisha uhai wao. Wapo pia viongozi wa dini walioshiriki. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia mchungaji mmoja hatiani mwaka 2003. Kwa maoni yangu, toba yetu ilikuwa imezoea orodha fupi: pombe, uzinzi, wizi. Chuki iliyovaa vazi la siasa ilipita katikati ya ibada bila kuungamwa.

Je, muuaji atarudisha nini? Uhai haurudishwi. Lakini katika mahakama za kijamii za Rwanda zilizoitwa Gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, wajane na yatima waliuliza swali moja tena na tena: mlimtupa wapi? Aliyejibu kwa kweli alimrudishia mama haki ya kumzika mwanawe. Msamaha wa Mungu haukumwondolea deni hilo, bali ulimnyima kisingizio cha kuendelea kunyamaza.

Kwa hiyo nawasihi. Wahubiri, mnapowaita watu waokoke, waelezeni pia kwamba kesho yake wana safari za kwenda kutengeneza. Wanafunzi, atakayepata cheti kwa kuiba mtihani asidhani sala ya siri imelimaliza kosa hilo. Amwendee mwalimu wake. Na makanisa yetu yafungue vitabu vyao vya hesabu na hati zao za ardhi, yaulize ni kipi humo ambacho si chao, na kukirudisha kabla mwenyewe hajaenda mahakamani. Kristo ametupokea kwanza. Hatuna tena sababu ya kuogopa kusema tulichofanya.