Mvua na Furaha ya Jirani



Waingereza wana msemo: mtu akiharibu furaha ya mwenzake, husemwa amelinyeshea mvua gwaride lake. Sisi kwa Kiswahili husema amemtilia mchanga katika kitumbua.

Lakini upeleke msemo huo wa mvua Kimuka, na wazee watakushangaa. Katika Kimaasai, neno Enkai ni jina la Mungu, nalo hutumika pia kwa mvua. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua za misimu mitano mfululizo zilipungua mno, na ng'ombe wengi wa Kajiado wakafa. Mahali kama hapo, mvua ikiangukia arusi, hiyo ni baraka.

Basi ni nini kinachoharibu furaha? Mara nyingi ni ulimi. Katika nchi kavu mvua huchagua: upande huu wa korongo majani yameota, upande wa pili ni vumbi tupu. Aliyepata anamshukuru Mungu, na aliyekosa anamwambia, "Ngoja, hayo majani ni ya siku mbili." Mtoto wa mjane amepita mtihani, nasi twauliza, "Karo itatoka wapi?" Neno lenyewe laweza kuwa kweli, lakini kijicho ndicho kilicholisema.

Katika Luka sura ya 15 twamwona kaka mkubwa. Alisikia ngoma, akakasirika, akakataa kuingia. Kweli alikuwa ametumika miaka mingi. Hata hivyo baba hakumfukuza. Alitoka nje akamsihi. Furaha ya mdogo wake haikumpunguzia yeye urithi wake.

Naye Mtume Paulo, katika Warumi 12, anatuagiza mambo mawili pamoja: tufurahi na wenye furaha, na tulie na wenye kulia. Kwa hiyo, wewe uliyekosa, mpongeze jirani yako bila kuongeza "lakini". Nawe uliyepata, usishangilie peke yako; fungua lango, ng'ombe wake waliobaki wapate kula.

Na tuombe. Ee Bwana, unayewanyeshea mvua wema na waovu, ulinde ulimi wetu, utupe moyo wa kufurahia baraka ya jirani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.