Ruta mbili katika ofisi yetu



Wiki tatu tulilalamika: simu inaonyesha waifai imejaa, lakini WhatsApp haiendi. Jumamosi, siku ya kuongea na ndugu zetu waliobaki Nyarugusu, watu walikaa hapa Baraka saa mbili bila kusikia sauti. Tukasema ni kijana wa ofisi, anakula mega na filamu. Hapana. Tulimuonea, na leo tunamuomba radhi mbele yenu.

Kosa lilikuwa letu. Ruta ya pili, ile ya chumba cha mafunzo, tuliiweka bila kuipanga. Zote mbili zilikuwa na adresi moja, 192.168.1.1, na kila moja ilikuwa inagawia simu adresi. Ni kama wachefu wawili wanagawa kiwanja kimoja. Sisi tuliorudi tunajua mambo hayo!

Tulichomoa ya pili, tukajaribu ya kwanza peke yake: inatembea. Basi tukaingia katika ya pili kwa kompyuta na waya, tukaipa 192.168.1.2, namba ambayo ya kwanza haiigawi, tukafunga kazi yake ya kugawa adresi. Waya unaotoka kwa ya kwanza hauingii tena katika tundu la intaneti, lile lenye rangi yake. Unaingia katika moja la matundu mengine.

Umeme ukikatika na kurudi, washeni ya kwanza, ngojeni dakika mbili, kisha ya pili. Jumamosi hii tunaanza saa tatu asubuhi. Waliokosa zamu mara ile watapita mbele.